MASHINE YA ZAMANI NA SHUKA ZA MAMA



Ndugu zangu, watu kadhaa wameniuliza habari ya mashine ya kufulia iliyopo uani kwangu. Mmoja alinitania, "Sheikh, siku hizi fundi?" Nawajibu wote hapa, maana ndani yake mna suala la wazazi na suala la tohara.

Mama yangu alipata kiharusi, yuko kwangu, na shuka zake hubadilishwa mara tatu, hata nne kwa siku. Kumhudumia ni wajibu wetu sisi aliotuzaa. Mke wangu akisaidia ni ihsani yake na ana ujira kwa Allah, lakini si deni tunalomdai. Wapo wanaume humwambia mke, "Nimekuoa umtunze mama," kisha yeye yuko barazani anacheza bao tangu Alasiri. Sheria haikumpa haki hiyo. Kwangu mimi kufua ni baada ya darsa ya Alfajiri. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akishughulika na kazi za watu wake, na sala ikifika hutoka. Mimi nani nione haya?

Mashine yenyewe ni Sanyo ya matangi mawili, moja la kufulia, moja la kukamulia. Jirani yetu alirudi nayo kutoka Muscat zaidi ya miaka 30 iliyopita, ikaishia stoo. Kampuni hiyo ya Japani ilianza kutoa mashine za kisahani kinachozungusha maji mwaka 1953. Hii haina kompyuta ndani, ndiyo maana inatengenezeka.

Nilipoiwasha ilinguruma tu. Nikakisukuma kisahani kwa kijiti, kikazunguka. Hapo mshukiwa wa kwanza ni kapasita: mota inapata umeme lakini inakosa nguvu ya kuanzia. Nilimwita fundi umeme wa mtaani, maana kapasita hubaki na umeme hata plagi ikichomolewa, msiishike ovyo. Tukaweka nyingine yenye namba zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Mkanda tukabadilisha. Waya wa arthi ulikuwa umekatwa, tukauunga. Mashine ya maji isiyo na arthi inaweza kuua. Kilichonitesa ni mpira wa kuzuia maji chini ya tangi la kukamulia. Ulikauka, na maji yakipenya pale yanashukia kwenye mota. Wiki mbili nazunguka madukani, mwishowe nikaupata kwenye mashine mbovu kwa muuza vyuma chakavu.

Sasa tohara, na hapa wengi wanakosea. Tangi hili halichukui hata lita 50. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, maji yasiyofika kullatayni, ambayo hukadiriwa karibu lita 200, yakiingiwa na najisi yananajisika hata kama rangi haikubadilika. Ukilijaza tangi kisha ukatumbukiza shuka lenye mkojo, umenajisi maji pamoja na kanzu zako zilizomo humo.

Mimi nafanya hivi. Kwanza naondoa uchafu wenyewe. Kisha naweka shuka kwenye beseni tupu na kulimiminia maji safi juu yake, yasiyo na sabuni, mpaka rangi na harufu viondoke. Maji yale namwaga. Maji yaliyobadilishwa na sabuni hayaitwi tena maji matupu, hayaondoi hukumu ya najisi. Shuka likishatoharika ndipo naliingiza mashineni kwa sabuni, na huko linaweza kukaa na nguo nyingine bila wasiwasi.

Dada mmoja ameuliza kuhusu mashine zinazojaza maji zenyewe. Hizo maji yake huja juu ya nguo, kisha humwagwa na kuja mengine matupu ya kusuuzia. Kama najisi yenyewe imeshaondolewa kabla, na maji ya mwisho yameenea nguo yote na kutoka bila rangi wala harufu ya najisi, nguo ni tohara, sali nayo.

Wallahu aalam.