Siku Nzima kwa Mwendo wa Mama

Sisi watu wa mwambao tukisema tunakwenda likizo, mara nyingi maana yake ni kwenda kwa jamaa: Lamu, Malindi, Tanga au Unguja. Bara huendwa kwa shughuli, kwa matibabu au masomo ya watoto, na shughuli ikimalizika mtu hurudi kwa basi la usiku. Ndiyo maana mama aliposema kwamba anataka apelekwe Kisumu "kutembea tu", nyumba nzima ilinyamaza kwanza.

Mama ana umri wa miaka 74. Presha ya macho imemfinyia upeo wa kuona, na daktari ametueleza waziwazi kwamba dawa ya matone husaidia kukihifadhi kilichobaki, lakini hairudishi kilichokwisha potea. Utoto wake aliupitia Kendu Bay, bandari ndogo iliyo kusini mwa Ghuba ya Winam, ambako baba yake, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na duka la nguo. Babu yetu alifia huko na akazikwa huko. Mama alirejeshwa pwani akiwa msichana wa miaka 12, na tangu hapo hakuwahi kukanyaga tena ufuo ule. Alitaka kuuona kabla macho hayajafunga mlango.

Babu hakuwa mpwani wa kwanza kufika kule. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani tarehe 20 Disemba 1901, na Kisumu wakati huo ikiitwa Port Florence. Hata meli ya William Mackinnon, iliyoshushwa majini mwaka 1900, ililetwa kutoka Uingereza vipande vipande kupitia Mombasa, ikaja kuunganishwa pale pale ziwani. Penye bandari na reli, mfanyabiashara hakosi kufika, na anapofika Mwislamu hutafuta mahali pa kuweka kibla.

Tulitoka Kisumu saa moja na nusu asubuhi: mume wangu kwenye usukani, mama kando yake, mimi na watoto wawili nyuma. Kutoka Kisumu hadi Kendu Bay kwa njia ya Ahero na Katito ni chini ya kilomita 80. Dereva mwenye haraka huimaliza kabla chai haijapoa tumboni. Sisi ilituchukua saa tano, kwa sababu mama alitoa sharti moja tu: kila atakaposema "simama", gari lisimame.

Alisema "simama" Ahero, aliposikia harufu ya mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa maji ya Mto Nyando. Akasema "simama" tena Katito, penye akina mama waliopanga nyanya zao kando ya barabara. Aliwaamkia kwa Kijaluo, "Oyawore", neno ambalo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake. Mmoja wao akacheka, akamshika mkono, akamuuliza, "Mama, wewe ni wa wapi?" Mama akamjibu bila kusita, "Mimi ni wa Kendu."

Tulipovuka Mto Sondu Miriu, ziwa likaanza kuonekana upande wa kulia. Mama akamgeukia kitinda mimba wetu, mwenye miaka tisa, akamwambia, "Niambie unaona nini." Mtoto akajibu, "Maji, bibi." "Maji ya rangi gani?" Akatazama tena. "Kijivu. Huku karibu ni kijani, kuna magugumaji." "Na juu ya magugu?" "Kuna ndege mweupe, miguu yake mirefu." Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Dada yake alipoona mwenzake anasifiwa, aliiweka simu chini, naye akaanza kuhesabu mashua. Kilichokuwa kimempungukia bibi machoni kikawa kinaongezeka kwa wajukuu.

Kendu Bay tulifika saa sita u nusu. Samaki ni rehema kwa msafiri Mwislamu: hana haja ya kuchinjwa, wala haulizwi amechinjwa na nani. Tulikula ngege wa kukaanga kwa ugali, kisha tukaswali msikitini, Adhuhuri na Alasiri pamoja, kwa ruhusa aliyopewa msafiri. Uislamu katika sehemu hizo si wa wageni peke yao. Mzee Hussein Onyango Obama, babu wa aliyekuwa Rais wa Marekani, alizaliwa karibu na hapo, Kanyadhiang', kisha akasilimu.

Duka la babu hatukulipata. Mama alikumbuka mvua kubwa za miaka ya mwanzo wa sitini, wakati ziwa lilipopanda kwa zaidi ya mita mbili na kula sehemu nyingi za ufuo, na hakushangaa. Makaburini alisimama nje ya ua, akiwa ameshikwa mkono na binti yangu. Mzee wa msikitini alitueleza kwa upole kwamba makaburi ya zamani hayana alama, na hakuna awezaye kusema lipi ni la nani. Mama akawasalimia wote kwa salamu moja, akawaombea wote dua moja. Kisha akasema, "Yumo. Yatosha."

Jioni tulipita Simbi Nyaima, ziwa dogo la maji ya magadi lililo jirani na mji, ambako ndege heroe huja kula. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji hapo. Usiku mmoja wa sherehe akaja bibi kizee kuomba hifadhi, na watu wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemkaribisha kwake. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama, na mwanamke yule akasalimika na nyumba yake. Watoto waliisikiliza hadithi ile huku wameegemea magoti ya bibi yao, nami sikuona haja ya kuongeza neno.

Homa Bay, ambako mume wangu alikusudia tufike, hatukufika. Hakuna aliyeuliza.

Wapenzi wasomaji, wengi wetu tuna mzazi ambaye kila mwaka husema, "Laiti ningepaona tena mahali fulani," nasi humjibu, "Inshallah, mambo yakitulia." Mambo hayana desturi ya kutulia, ila macho, magoti na pumzi vina muda wake. Si lazima safari iwe ndefu wala ya gharama kubwa. Huenda ni Vanga, ni Faza, au ni mtaa wa pili tu alikozaliwa. Mpeni siku moja isiyo na saa, mwacheni yeye aseme lini gari lisimame, na wapandisheni watoto nyuma yake. Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu walio hai, na awarehemu waliotangulia, wenye alama makaburini mwao na wasio nazo. Amin.