Goma: kamera iliyoanguka na gundi iliyobaki kwenye kioo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika kata ya Ndosho, magharibi mwa mji wa Goma, dereva mmoja wa taksi anafungua mlango wa gari lakini hawashi injini. Kwanza ananyoosha mkono na kugusa kidude cha plastiki kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, kile ambacho madereva wengi wanaita parabrizi. Anakisukuma kwa kidole gumba, juu mara moja, chini mara moja. Kikitulia, anawasha gari. Kikicheza hata kidogo, siku inaanza na wasiwasi.

Kidude hicho ndicho kinachoshika kamera ya gari. Ni kitu kidogo kuliko kiberiti, lakini kilimgharimu dereva huyo dola 60, na nusura kimwondoe kazini.

Ana miaka 34. Alitoka Kitchanga, katika eneo la Masisi, mwezi wa kwanza mwaka 2023, mapigano yalipofika huko. Alikuja na mama yake mzazi, mke wake na watoto watatu. Shangazi yake aliwapokea Ndosho, watu sita ndani ya chumba kimoja. Kule Kitchanga alikuwa akiuza vipuri vya pikipiki. Goma alifika na permi yake ya kuendesha gari mfukoni, na hiyo permi ndiyo iliyomtafutia kazi.

Mwenye gari ni mzee mmoja mfanyabiashara wa Birere. Gari ni Toyota iliyotumika Japani, usukani uko kuume, kama magari mengi yanayotembea Goma. Madereva wawili wa kwanza waligombana na mzee kwa sababu ya ajali ambazo hakuna aliyeweza kueleza vizuri. Kwa hiyo mzee alinunua kamera, akaibandika mwenyewe, na kumwambia dereva mpya: «Kijana, mimi sikufuati barabarani. Hii ndiyo itakuwa macho yangu. Ikiona kwamba si wewe mwenye kosa, sitakudai kitu.»

Dereva alikubali. Kwa mtu asiye na ndugu mkubwa mjini wa kumtetea, kuwa na shahidi asiyechoka lilikuwa jambo jema.

Barabara za Goma zinajulikana. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na katika kata nyingi gari linapita moja kwa moja juu ya mawe hayo. Gari linatikisika toka asubuhi hadi jioni. Wiki ya tatu, saa nane mchana, kamera ilianguka chini ya kiti. Dereva alikuwa na abiria wanne, hakusimama kuiokota. Dakika chache baadaye motari mmoja alitoka njia ya pembeni bila kutazama na kugonga mlango wa kushoto. Hakuumia sana, lakini taa na uma wa mbele wa pikipiki yake vilivunjika.

Wenzake walifika kwa haraka, kama kawaida. Kila mmoja alisema dereva ndiye mkosaji. Jioni, mzee alipofungua picha za kamera, aliona zulia la gari na kisigino cha abiria. Sauti ya kugongana ilisikika, lakini hakuna lililoonekana. Mzee alilipa dola 60 za kutengeneza pikipiki, na kuanza kuzikata kidogo kidogo kwenye pesa ya dereva. Nyumbani, mama watoto alianza kupima unga kwa kikombe.

Dereva hakubishana. Ila aliamua kamera haitaanguka tena, na hapo ndipo makosa mengine yalipoanza.

Kwanza alinunua ile gundi kali ya chupa ndogo inayoshika vidole. Ilishika mara moja, naye akafurahi. Siku ya pili kioo kilikuwa na ukungu mweupe kuzunguka kile kidude, na siku ya nne kidude kilianguka tena, kikiwa na magamba ya gundi kama chumvi. Gundi ya namna hiyo ikikauka inakuwa ngumu na haijinyooshi. Gari likitikisika, inapasuka. Baadaye alijaribu skochi ya kufungia makartoni. Hiyo haikumaliza hata siku moja ya jua.

Kisha likaja jambo zito zaidi. Siku moja mzee alimruhusu kumpeleka mama yake Sake, kiasi cha kilomita 25 kutoka Goma, kumwona dada yake mgonjwa. Kabla ya kuondoka, dereva alitoa kamera na kuiacha nyumbani. Kila anayesafiri katika Kivu anajua kwamba barierani kamera si mchezo. Mtu mwenye silaha akiona kwamba anapigwa picha, maelezo huwa marefu, na wakati mwingine hayasikilizwi.

Lakini kile kidude alikiacha kwenye kioo, na alama za gundi kukizunguka. Barierani mtu mmoja aliinama dirishani, akatazama kioo, akauliza: «Kamera iko wapi?» Dereva akasema iko nyumbani. «Kwa nini umeitoa? Unaficha nini?» Gari lilipekuliwa mpaka chini ya viti. Mama mzee alikaa kando ya barabara karibu saa mbili, mfuko wake wa sambaza ukiwa juani. Mwishowe ni yeye aliyesimama na kusema: «Mwanangu, huyu ni mtoto wangu. Anaendesha gari la mtu. Hata hiyo kamera si yake.» Waliachiwa. Walipofika Sake, sambaza zilikuwa zimeharibika, na mama hakusema neno lolote njiani.

Kesho yake dereva alienda Birere kwa fundi mmoja anayebandika vioo na redio za magari. Alitaka mambo mawili: kamera ishike vizuri anapokuwa mjini, na iweze kutoka bila alama anapotoka mjini. Fundi alitazama kioo muda mrefu, kisha akacheka. Chini ya gundi zote kulikuwa na alama ya mraba ya zamani, ya kamera nyingine. Ilikuwa gundi ya mwenye gari wa kwanza, huko Japani. Mzee alikuwa amebandika kidude kipya juu ya mabaki ya kile cha zamani. Skochi ilishika uchafu, haikushika kioo. Tangu siku ya kwanza kamera hiyo ilikuwa inangoja kuanguka.

Fundi alimwonyesha kazi hatua kwa hatua, na madereva wanaweza kuifuata hata nyumbani.

Kwanza, usivute kidude kwa nguvu. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati. Ndiyo maana kikipigwa hakimwagiki vipande. Lakini ufa mdogo ukianza, kutikisika kwa gari kunaukuza, na bei ya kioo kipya inajulikana. Pasha gundi moto kidogo mpaka ilainike. Mashine ya kukausha nywele ya saluni inatosha, dakika moja au mbili, bila kuikaza mahali pamoja. Umeme usipokuwepo, egesha gari uso ukitazama jua la mchana. Usimwage maji ya kuchemka juu ya kioo baridi, maana kinaweza kupasuka.

Pili, chukua uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki. Upitishe nyuma ya kidude, kati ya plastiki na kioo, uvute kulia na kushoto kama anayekata sabuni kwa uzi. Uzi unakata ile sponji ya gundi polepole mpaka kidude kitoke chenyewe.

Tatu, mabaki yaliyobaki kwenye kioo yasugue kwa kidole yakiwa bado na joto, yatajikunja na kutoka. Yanayokataa, weka kitambaa chenye alkoli juu yake kwa dakika chache, halafu yakwangue kwa kipande cha plastiki. Hapo dereva alitoa kadi yake ya mpiga kura, na fundi akamshika mkono. Kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha Wakongomani wengi, na maandishi yake yanafutika hata bila alkoli. Alitumia kifuniko cha ndoo.

Penye gundi sugu, mafuta ya taa yanasaidia, yale tunayoita petroli. Lakini yanaacha mafuta kwenye kioo, na skochi mpya haishiki juu ya mafuta. Kwa hiyo ni lazima kuosha kwa maji na sabuni, kukausha, kisha kupitisha alkoli mara ya mwisho. Esanse ndani ya gari si salama, na dawa ya kuyeyusha rangi inaharibu plastiki ya dashibodi. Penye karatasi nyeusi ya kuzuia jua, usikwangue kwa wembe.

Kubandika upya kunahitaji subira kuliko nguvu. Fundi alichagua mahali karibu na kioo kidogo cha kutazamia nyuma, upande wake wa kushoto, kwa sababu usukani wa gari hilo uko kuume na kamera haipaswi kuziba macho ya dereva. Aliepuka vile vidoti vyeusi vya juu ya kioo, kwa kuwa hapo si laini na gundi inashika nusu nusu. Alihakikisha pia kwamba vipangusio vya mvua vinafika mahali hapo, la sivyo kamera itaona matone tu. Anayebandika kwenye dashibodi asiweke kitu juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa wa usalama.

Hakukubali kufanya kazi asubuhi. Goma iko kiasi cha mita 1500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni baridi. Asubuhi kioo kina unyevu hata kama macho hayauoni. Alingoja saa sita. Alitoa kipande kipya cha skochi ya sponji ya pande mbili, ile nyeusi au ya kijivu, bila kugusa gundi kwa vidole, akabandika na kukandamiza kwa nguvu akihesabu mpaka 30.

Kisha akasema neno ambalo dereva hakulitaka: «Sasa usitundike kamera mpaka kesho saa hii.»

Kampuni ya 3M ya Marekani, ambayo inatengeneza skochi ya aina hiyo iitwayo VHB, inaeleza kwamba gundi hiyo inafikia kiasi cha nusu ya nguvu yake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na nguvu yote baada ya saa 72. Mtu akitundika kamera papo hapo na kupita juu ya mawe, anaivunja gundi kabla haijashika.

Siku moja bila gari ni siku moja bila chakula cha jioni. Na mzee alikuwa amesema: bila kamera, gari halitembei. Dereva alizunguka Birere mara mbili kabla ya kuingia dukani kwake.

«Mzee, naomba gari lilale mpaka kesho saa sita. Kesho ni siku ya Mungu, watu ni wachache. Ukikataa nitaelewa, lakini kamera itaanguka tena.» Kisha akaeleza juu ya alama ya zamani chini ya gundi.

Mzee alinyamaza. Alienda mwenyewe kutazama kile kipande cha gundi ya kale ambacho fundi alikuwa amekihifadhi kwenye kikaratasi. Akakigeuza mkononi. «Basi ni mimi niliyebandika vibaya,» akasema. Hakurudisha dola ambazo alikuwa amekwisha kukata. Lakini zilizobaki, dola 25, hakuzidai tena.

Kwa safari za nje ya mji, walipata njia yao. Kwanza wanabandika kwenye kioo karatasi nyembamba ya plastiki inayojishika bila gundi, na kidude kinabandikwa juu ya karatasi hiyo. Siku ya safari, dereva anaondoa vyote pamoja, anapangusa kioo kwa alkoli, na hakuna alama inayobaki ya kuulizwa. Mama yake ndiye anayekagua. Anakaa kiti cha mbele, anainamisha kichwa, anatazama kioo dhidi ya mwanga. Akiona hata doa la kidole, anasema: «Bado.»

Sasa ndani ya sanduku la gari kuna chupa ndogo ya alkoli, kitambaa safi, uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kijiti, na vipande viwili vya skochi ndani ya karatasi yao. Madereva wengine kituoni wanakuja kumuuliza. Wengi wao nao walitoka Masisi na Rutshuru, wanaendesha magari ya watu, na hawana shahidi mwingine. Anawaonyesha bure. Kila mmoja anataka kubandika na kuondoka papo hapo, na kila mmoja anaambiwa angoje mpaka kesho.

Asubuhi, kabla ya injini, kidole gumba kinapanda juu ya kioo. Mara moja juu, mara moja chini. Kisha anaita abiria wa kwanza na kuwaambia, kabla hawajakaa, kwamba gari lina kamera.