Taa Ilipozimika Wodini

Usiku mmoja wa mwezi Machi 2019 tulikuwa wauguzi wawili katika zahanati yetu ndogo kando ya Ziwa Victoria, tukimhudumia mama aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa tatu. Mtoto alilia vizuri na kondo la nyuma lilitoka lote, lakini damu haikukoma. Mmoja wetu alikuwa anachoma sindano na mwingine anasugua tumbo la mama ili mji wa mimba ukaze, mara taa ya sola ikafifia, ikapepesa mara mbili, ikazimika.

Mama mkwe wa mzazi alikuwa amekaa nje ya mlango. Aliposikia tunaitana gizani aliingia bila kukaribishwa, akawasha tochi ya simu yake na kusema, "Haya wanangu, fanyeni kazi, mimi nitashika." Kwa mwanga huo tuliona mahali palipochanika, tukashona. Simu ile ilizimika nusu saa baada ya sisi kumaliza. Mama alipona na mtoto alipona. Lakini usiku ule hatukulala, kwa kuwa tulijua sisi wenyewe tulikuwa na sehemu katika giza lile.

Fedha za nani?

Sola ile haikutoka kwa mfadhili. Ilinunuliwa mwaka 2017 na umoja wa wanawake wa kanisa letu, ambao nasi ni wanachama. Tuliuza maandazi, tukauza dagaa, tukalima shamba la mtu kwa siku mbili. Fedha zilipotimia tulikwenda mjini, tukanunua paneli, betri iliyoandikwa ampea 100 na taa nne. Muuzaji alikuwa mchangamfu, akatupunguzia bei, akatuambia tusiwe na wasiwasi. Hakutupa karatasi ya dhamana, nasi hatukuidai. Tulikuwa na haraka ya kurudi na furaha.

Baada ya usiku ule fundi mmoja kijana aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi alikuja kutazama. Kabla hajafungua chombo chochote aliinua betri kwa mikono, akaishusha, akauliza kama tuna mzani. Tukaifunga kwa kanga kwenye mzani wa kliniki ya watoto, ule wa kuning'iniza wenye mwisho wa kilo 25. Ulisoma kilo 17. Kijana akatueleza kwamba betri ya kweli ya aina hiyo, yenye vyuma vya risasi na tindikali ndani, kwa ampea 100 hukaribia kilo 30. Mzani wetu wa watoto usingeweza hata kuipima. Tuliuziwa maandishi.

Huo ulikuwa wizi wa muuzaji. Lililofuata lilikuwa letu.

Tulikuwa tunachaji simu za kijiji, shilingi 300 kila simu. Fedha hizo tulinunulia sabuni na mafuta ya taa ya akiba, na hatukula hata senti moja, lakini hatukuuliza mtu wala hatukuandika popote. Kijana alitukalisha chini na kutupigia hesabu. Betri ya volti 12 na ampea 100 hubeba wati-saa 1,200. Betri ya risasi ikinywewa kupita nusu kila siku hufa mapema, kwa hiyo matumizi salama ni kama wati-saa 600. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa 12 hula wati-saa 240. Simu moja kubwa hunywa 10 hadi 15. Simu 25 kwa usiku mmoja zilikuwa zinakula zaidi ya taa zote za zahanati. Hata betri ya kweli ingechoka. Ile ya kilo 17 ilikuwa imekufa siku nyingi, nasi tulikuwa tunamkamua ng'ombe aliyekonda.

Jumapili iliyofuata, katika kikao cha umoja, tulisimama tukasema yote, la mzani na la simu. Kulikuwa kimya. Mama mmoja mzee, ambaye mchango wake ulikuwa fedha ya kuku wake wawili, alituuliza: "Mbona hamkutuambia mapema, mkangoja mpaka mtoto wa mwenzetu atake kufa?" Hatukuwa na jibu. Hata leo hatuna, ila kwamba tulimwogopa yeye kuliko tulivyoliogopa giza.

Betri kuukuu ilikwenda wapi?

Tulidhani mambo yameishia hapo. Wiki mbili baadaye tulikumbuka kuuliza betri ile kuukuu ilipo. Tukaambiwa mlinzi amempa mzee mmoja mvuvi. Tulipofika kwake tulimkuta uani, ameipasua kwa shoka, anayeyusha vile vyuma vyake katika sufuria juu ya mafiga ili atengeneze chubwi za nyavu. Tindikali ilikuwa imemwagwa nyuma ya choo. Wajukuu wawili walikuwa wanachezea mabaki, na mkwewe mjamzito alikuwa anapepeta mchele hatua chache upande moshi unakoelekea.

"Shikamoo, baba," tulisema.

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mmekuja kudai chuma chenu?"

Tulimwambia hatukuja kudai, tumekuja kuomba radhi, maana sisi ndio tuliopaswa kusema. Risasi ni sumu. Haina kiasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima kwa kiasi kile kile anachomeza, na humpunguzia damu na kumdumaza akili. Kwa mama mjamzito huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Tena haina dalili ya pekee: tumbo kuuma, uchovu, kukosa hamu ya kula. Mara ngapi sisi wauguzi tumetoa dawa ya minyoo kwa dalili hizo bila kuuliza kama nyumbani kuna mtu anayeyusha betri?

Mzee alisikiliza, akamwita mkwewe aingie ndani, akauzima moto. Tulisaidiana kukwangua udongo wa juu pale uani, tukiwa tumeulowesha ili vumbi lisiruke. Sufuria ile aliipa kazi nyingine mbali na jiko.

Jirani zetu wa Kenya wanalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2009 Phyllis Omido alifanya kazi katika kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu karibu na kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa. Mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha sumu ya risasi. Mama huyo hakunyamaza. Alikusanya majirani, akakamatwa, akaendelea, mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Alianza kwa kuuliza kwa nini mtoto wake anaumwa.

Tusiikatae sola

Akina mama wenzetu, hatuandiki haya ili mrudi kwenye koroboi. Sisi tuliowafunga bandeji watoto waliounguzwa na mafuta ya taa hatuwezi kuwashauri hivyo. Sola ni baraka, na imekuwa nafuu mno: kati ya mwaka 2010 na 2020 bei ya paneli duniani ilishuka kwa takriban sehemu 9 kati ya 10. Sehemu kubwa ya paneli hizo hutengenezwa China, na paneli nzuri huweza kufanya kazi miaka 25. Udhaifu mara nyingi uko kwenye betri, kwenye duka, na kwetu watumiaji. Hivyo basi, yafaa tukumbuke mambo haya.

Kwanza, usinunue maandishi. Inua betri, ipime, linganisha na nyingine. Dai risiti na dhamana iliyoandikwa, yenye tarehe na mhuri. Muuzaji anayekasirika ukidai dhamana amekwisha kujibu.

Pili, piga hesabu ya matumizi kabla ya kununua. Andika kila taa, redio na simu, na saa zake. Kisha ongeza akiba kwa siku za mawingu.

Tatu, kama unalipa kidogo kidogo kwa simu, njia iliyoshika kasi kwetu Afrika Mashariki tangu miaka ya 2010, uliza jumla yote utakayolipa mpaka mwisho, wala si ya siku tu. Uliza pia itakuwaje msimu ambao hakuna mavuno, maana vyombo vingi vya namna hiyo hujifunga usipolipa. Mzungumze na baba watoto kabla ya kutia sahihi, isije taa ikaleta ugomvi.

Nne, futa paneli kwa maji na kitambaa laini asubuhi kabla haijapata moto. Vumbi hula mwanga.

Tano, siku unayonunua betri anza kuweka akiba ya betri ijayo. Betri ya risasi mara nyingi huishi miaka michache tu. Zile za lithiamu na fosfati ya chuma hudumu zaidi, na hazina risasi, ila bei yake ya kwanza ni kubwa.

Sita, betri iliyokufa usiipasue, usiiyeyushe wala usimpe mtu asiyejua. Irudishe kwa muuzaji au kwa mnunuzi mwenye kibali, na mpaka hapo iweke wima, mbali na watoto.

Umoja wetu uliendelea. Tulinunua betri nyingine mwaka 2020, ya lithiamu, kwa dhamana iliyoandikwa, na kila mwanachama alianza kutoa shilingi 500 kwa mwezi katika mfuko wa betri. Daftari la mfuko halikai kwetu. Linakaa kwa yule mama mzee wa kuku wawili, na kila mwisho wa mwezi huja zahanati, huinua macho kutazama taa, kisha hutuuliza, "Simu ngapi leo?"

Humjibu, "Hakuna, mama." Naye huingia wodini kuhakikisha.