Sili na Saini

Tunduma kila mtu anaijua sili. Lori likitoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, mlango wa kontena hufungwa kwa sili yenye namba, na namba hiyo huandikwa kwenye nyaraka. Sili haisemi ndani kuna nini. Inasema nani kafunga, na kwamba tangu afunge hakuna aliyefungua. Ningekuwa mhadhiri ningeanzia hapo kufundisha saini ya kidijitali. Sisi tulianzia kwenye hesabu, nusu ya darasa ikapotea.

Nasoma shahada ya uzamili ya usalama wa mitandao, na data za tasnifu nimezikusanya kwenye ofisi moja ya wakala wa forodha mpakani hapa. Mfumo wao wa ndani umejengwa kwa ActiveX, teknolojia ya Microsoft ya mwaka 1996: kipande cha programu kinashuka kutoka kwenye seva na kukaa ndani ya kivinjari. Kikishakubaliwa, kinaweza kusoma na kufuta faili zozote ambazo mtumiaji mwenyewe angeweza. Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022. Wao wanatumia hali ya IE ndani ya Edge, ambayo Microsoft imesema itadumu angalau hadi 2029. Sikuwacheka. Dereva aliyelala siku ya tatu kwenye foleni haulizi umri wa mfumo.

Kilichonitoa jasho ni ufunguo wa siri, ule unaotia saini. Ulikuwa kwenye folda ya pamoja ambayo kila mfanyakazi angeweza kuifungua. Na kompyuta zote zilikuwa zimeagizwa: chenye saini ya kampuni, pakia bila kuuliza. Ni kama boksi la sili tupu limewekwa getini, apitaye ajichotee.

“Mdogo wangu,” kaka wa TEHAMA aliniambia, “onyo likitokea kila asubuhi, akina dada wa nyaraka wananipigia simu mpaka saa sita. Nililiondoa, simu zikaisha.”

“Nakuelewa, kaka. Lisirudi. Ila ufunguo tuutoe pale.”

Tukauhamishia kwenye tokeni ya USB, kwa cheti kipya, na kila saini ikapigwa muhuri wa muda ili isife cheti kikiisha. Lililotuchukua siku nyingi ni lile ambalo wengi hulisahau: kipande chenye saini halali kinaweza kuitwa na ukurasa wowote wa nje, kikafanya uovu kwa jina lako. Ikabidi msimbo uandikwe upya, kwanza uulize ni seva gani inayouita, na kama si ile ya ofisini, ukatae.

Tokeni sasa iko kwenye kasha la fedha, chini ya vitabu vya risiti. Wiki iliyofuata kaka akaniuliza nani atatia saini yeye akiwa msibani Vwawa. Tukakaa tena.