Chini ya Mparachichi

Nilipokulia, mtaa wa Mwanjelwa, uwanja wa heshima ulikuwa udongo mtupu. Mama aliufagia alfajiri mpaka ikabaki mistari ya ufagio tu. Uwanja uliolala na majani ulimfanya mpita njia aulize kama kuna mgonjwa ndani. Tena ulikuwa usalama: kwenye udongo mtupu nyoka huonekana.

Lakini chini ya mparachichi wetu kivuli kilikuwa kizito. Ukoka, mpenda jua, haukuota pale. Mvua zilizoanza Novemba ziliuchukua udongo hadi barabarani, na upepo wa Septemba ukatuletea vumbi mpaka kwenye sufuria. Mizizi ikabaki nje. Nao mparachichi hujilisha kwa mizizi midogo iliyo karibu na uso wa ardhi, ikitegemea majani yanayooza juu yake. Majani hayo hayo ndiyo yaliyokuwa yakifagiliwa.

Kijani cha kuufunika udongo huo kilitoka kwenye kopo la mafuta ya kula. Ndani ya kopo hilo, barazani, Mama alitunza mmea wa majani membamba yenye mstari mweupe, ule unaoning'iniza vichipukizi kwenye vikonyo virefu. Wengi hudhani ni ua la Wazungu, kumbe asili yake ni Afrika hii hii. Mvua ilipoanza, dada yangu akavichomeka vichipukizi katikati ya mizizi. Jirani akaongeza ule wa majani ya zambarau yenye mistari ya fedha, uliotoka Meksiko. Huo tuliuzungushia mawe, maana kila kipande kinachoanguka huota. Naomba sana, usiutupe kando ya mto.

"Wanangu, mnanifugia nyoka?" Mama aliuliza. Akakubali kwa sharti kwamba njia na mbele ya jiko viendelee kufagiliwa.

Kiangazi kilipofika, maji ya kuoshea mboga yalitosha kumwagilia, na kivuli kikatunza unyevu. Majani yaliyoanguka yakaachwa yaozee humo humo. Udongo ukawa mweusi, nyungunyungu wakarudi, mizizi ikafunikika tena.

Sasa wengi mtaani wanatandaza vitofali vya saruji. Nawaelewa, matope ya Machi yanachosha. Ila nawasihi waache duara pana kuzunguka shina la mti, maji yapate pa kuzama. Anayetaka mbegu aje kwetu: Mama humkatia vichipukizi bure, na kumwonya asipande hadi mlangoni.