Sanduku la Mwindaji

Nilikuwa kwenye foleni ya mizigo uwanjani Heathrow, nikielekea Dar es Salaam kwa arobaini ya babu. Mzee wa Kiingereza aliyenitangulia aliweka mbele ya karani sanduku refu, gumu, lenye kufuli mbili, akatamka waziwazi kwamba mlikuwa na bunduki ya kuwindia. Hakuna aliyeshtuka. Vibali vilikaguliwa, risasi, zisizoruhusiwa kuzidi kilo 5 kwa abiria, zilikuwa zimefungwa kando. Wakaagana kwa bashasha.

Babu naye alikuwa na gobore. Zama za Mwingereza, mwaka wa njaa, aliua pofu mmoja, akafungwa miezi sita. Aliporudi kijijini aliitwa jangili, na jina hilo lilimwuma kuliko kifungo.

Ni katika mji huuhuu wa London ambako, Mei 1900, madola ya Ulaya yalitia saini mkataba wa kuwahifadhi wanyama wa Afrika, pasi na Mwafrika mezani. Sikatai kwamba wanyama walihitaji kulindwa. Ninachohoji ni leseni iliyomfanya mwenye fedha kuwa mwindaji, na mwenye njaa kuwa mhalifu.

Mzee yule hakunikosea, alifuata sheria. Babu hakuifuata, nami sitamtakasa kwa uongo.

Hata hivyo, siku ya arobaini, nilipoombwa kumweleza marehemu, nilisema alikuwa mkulima na mwindaji. Mama aliinamisha uso. Hakunisahihisha.