Shingo ya Mche

Aprili, theluji ilipokwisha kuyeyuka, miche tisa kati ya ishirini ilikuwa na rangi ya kutu. Mwenye nyumba, mzaliwa wa Marangu anayeishi Lakeville, kusini mwa Minneapolis, aliihesabu mara mbili. Aliipanda Septemba, wiki ambayo mama yake alizikwa Kilimanjaro bila yeye kuwapo. Kwa Wachagga, masale huonyesha mpaka wa kihamba na mahali pa kaburi. Aliyekosa hupeleka sale kwa aliyekosewa kuomba radhi. Lakini sale halistahimili baridi ya Minnesota. Kwa hiyo alichagua mithuja, ndugu wa msaipresi, ambayo wengi huko huifanya ua.

Kwanza alilaumu baridi, na haikuwa lawama ya bure. Jua na upepo wa majira hayo hunyonya maji ya majani ilhali ardhi imeganda na mizizi haiwezi kuyarudisha. Ila madhara hayo huanzia upande wa kusini na magharibi. Miche yake ilikauka pande zote. Chumvi inayomwagwa barabarani ingeanza na miche ya mbele, lakini iliyokufa ilikuwa nyuma. Kulungu wangekula majani hadi kimo wanachofikia. Panya wapitao chini ya theluji wangeacha alama za meno kwenye gome. Hapakuwa na alama yoyote.

Alikwaruza gome kwa ukucha: kahawia tupu, wala si kijani cha uhai. Ndipo akachukua sepetu.

Udongo ulikuwa wa mfinyanzi, ulioshindiliwa na mitambo ya wajenzi, nao ulinuka kama maji yaliyolala. Shimo alilolijaza maji jioni lilikuwa bado na maji asubuhi. Mizizi ilikuwa myeusi, ikichubuka vidoleni, nayo ilizunguka vilevile ilivyozunguka ndani ya chungu cha dukani. Shingo ya mche, pale shina linapopanuka kuwa mizizi, ilikuwa shubiri nzima chini ya ardhi.

Mwanawe aliyeshika taa alichungulia shimoni. “Baba, mbona tumeuzika?”

Alipanda kama alivyofundishwa kihambani. Kipande cha sale hakina mizizi. Huchomekwa chini sana na kushindiliwa kwa kisigino ili kisimame. Mche wenye mizizi ukifukiwa hivyo, hukosa hewa. Naye alikuwa ameumwagilia kila jioni hadi ardhi ilipoganda, hata siku za mvua, kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kumtendea mama.

Mei aliiinua ile kumi na mmoja iliyobaki, akaifungua mizizi yake kwa vidole, akaipandisha juu ya matuta mapana, shingo zikionekana. Akaongeza tisa mipya vivyo hivyo. Tangu hapo alichomeka kidole udongoni kabla ya kugusa bomba. Siku nyingi kilitoka na unyevu, naye aliliacha bomba limefungwa.

Jioni moja ya namna hiyo, mikono ikiwa haina kazi, alimpigia simu kaka yake Marangu. Kwa mara ya kwanza aliuliza mama alilazwa upande gani wa kihamba, na nani aliyepanda masale.